Mzee Kafunuliwa, Mjane Hakuulizwa

Ukitaka kuona kikao cha wazee wa kanisa kikinyamaza ghafla, ngoja mtu aseme "Mungu amenionyesha." Hata wabishi wanaweka kalamu chini. Kumpinga mchungaji inawezekana, kumpinga mwenyekiti ni jambo la kawaida, lakini nani ampinge Mungu? Mimi ni katibu wa baraza la wazee katika usharika mmoja wa Kilutheri wilayani Muleba, mkoani Kagera, kazi niliyopewa nilipostaafu ualimu, na maneno hayo nimeyaandika kwenye daftari la vikao mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kijana kaonyeshwa mke, na binti mwenyewe tayari ana mchumba. Kwaya imeonyeshwa kinanda kinunuliwe kwanza, paa la nyumba ya mwinjilisti lisubiri. Mengi ya namna hiyo tunayacheka baadaye. Lililomhusu mjane halikuchekesha.

Alifariki mkulima mmoja wa mtaa wetu, akaacha mke na mabinti watatu. Mtoto wa kiume hakuwa naye, au ndivyo tulivyojua wakati ule. Alizikwa kibanjani kwake, kama ilivyo desturi yetu Wahaya, hatua chache kutoka jikoni kwa mkewe. Kibanja chenyewe kiko vizuri: migomba iliyotunzwa, mibuni ya tangu enzi za babu, na mpakani miti ya emilamula iliyosimama mistari minyoofu kiasi kwamba hajatokea jirani wa kuigombania. Kwetu kibanja si shamba tu. Ndipo makaburi yalipo, na ukiulizwa wewe ni wa wapi, unataja kibanja. Mila ina mpangilio wake wa warithi: musika, yaani mrithi mkuu, kisha kyagati, kisha mainuka, na hao wote ni wanaume. Serikali ilipoandika sheria za mila mwaka 1963, katika Tangazo namba 436, haikwenda mbali na hapo: binti akawekwa daraja la tatu, na ardhi ya ukoo aitumie maisha yake yote ila asiiuze.

Kaka wa marehemu, baba mkubwa wa mabinti hao, ni mtu wa maombi kweli. Sisemi kwa kejeli. Ndiye aliyesimamia matibabu ya mdogo wake mpaka mwisho, na wakati wa msiba alilala nje na sisi bila kulalamika. Baada ya matanga aliingia katika kufunga, na akatoka na neno: kibanja kichukuliwe na mwanawe yeye, awe ndiye musika, ili jina la marehemu lisipotee. Kikao cha ukoo kikaafiki. Muhtasari ukaandikwa wa kupeleka mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Mjane akakataa kutia sahihi.

Ndipo mzee akaja kwetu. Hakuomba baraza ligawe ardhi, alijua fika hatuna mamlaka hayo. Aliomba kitu ambacho kwa mtazamo wa haraka ni kidogo: wazee wawili waende wakamwombee mjane na kumshauri.

"Mwalimu, andika vizuri hapo," akaniambia. "Ashauriwe asipingane na Roho."

Nikaandika.

Mchungaji wetu wa wakati huo alikuwa kijana, na wengi tulidhani atakubali kwa kuogopa mvi zilizokuwa mbele yake. Yeye akauliza tu ni nani mwingine amelipima neno hilo. Mzee akashtuka kidogo: neno la Bwana lipimwe? Mchungaji akasoma 1 Wakorintho 14:29, "Na manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue." Akaongeza Paulo kwa Wathesalonike, msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Yaani pande zote mbili kwa pumzi moja: usidharau, na usimeze bila kutafuna.

Hapa niseme jambo, maana kuna wasomi wa siku hizi wanaodhani tukipima mafunuo basi hatuamini kwamba Mungu husema. Mimi nimelelewa na watu wa uamsho. Ule moto ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulifika Buhaya mapema, na bibi yangu aliupokea. Usiku mmoja, akiwa mama wa watoto wakubwa tayari, alionyeshwa jina la mtu ambaye yeye bibi alimwibia kahawa enzi za usichana wake. Asubuhi alibeba debe la kahawa kichwani, akaenda kwa mtoto wa yule mtu, mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, akakiri mbele ya watu wa nyumba ile. Alikuwa mwanamke mwenye majivuno sana, waliomjua wanajua ilimgharimu nini. Nani angemwambia hakuonyeshwa? Lakini tazama ufunuo ule ulimtoza nani. Ulimtoza yeye. Na hakuuficha chumbani. Watu wale walisema mtu atembee nuruni, jambo aliloambiwa alilete mbele ya ndugu walitazame pamoja.

Ule wa baba mkubwa ulimtoza mjane, na faida ikalala nyumbani kwa aliyefunuliwa. Nilitaka kusimama niseme hivyo na kumaliza kazi. Nashukuru mzee mwingine alinitangulia, kwa sababu kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kumbukeni mwaka 2011, kijiji cha Samunge kule Loliondo. Mchungaji mstaafu wa kanisa letu hili hili la KKKT, Ambilikile Mwasapile, yule Babu wa Loliondo, alisema Mungu amemwonyesha mti wa dawa na namna ya kuuchemsha, na bei akaambiwa shilingi 500 kwa kikombe. Nchi nzima ilihamia barabara ile. Kwa shilingi 500 huwezi kumwambia mtu anatafuta utajiri. Kipimo cha "nani anafaidika" Babu angekipita bila shida. Hata hivyo wapo waliokunywa kikombe wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wapo waliofia kwenye foleni. Kwa hiyo kuna maswali zaidi ya mfuko wa msemaji. Kuna matunda, kuna nani anaumia, na juu ya yote kuna lile ambalo Mungu amekwisha kulisema hadharani.

Hilo la mwisho ndilo alilolileta yule mzee mwenzangu. Alifungua Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, baba yao amefia jangwani bila mtoto wa kiume, wanakuja kusimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wanauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika jamaa yake kwa sababu hakuwa na mwana. Wanadai milki. Musa hajibu kutoka kichwani. Anayapeleka maneno yao mbele za Bwana, na Bwana anasema mabinti wale wamesema haki, wapewe. Na hapo hapo inakuwa sheria kwa Israeli yote.

Nimefundisha dini shuleni miaka mingi, na sura ile nilikuwa naipita haraka kwenda kwenye kifo cha Musa. Siku ile nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: sababu aliyoitoa baba mkubwa ya kuwanyima mabinti, jina lisipotee, ndiyo mabinti wale waliyoitoa ya kudai. Maneno yale yale, njia tofauti kabisa. Na ufunuo ule haukumshukia Musa usiku akiwa amefunga. Ulikuja baada ya wanawake watano kusimama na kusema. Kama wangenyamaza, sura ile isingekuwepo.

Baba mkubwa Biblia anaijua. Hakutoka jasho. "Endelea mpaka sura ya 36," akasema, na akaisoma mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeshika karata nzuri. Wakuu wa jamaa ya Gileadi, wa kabila la Manase, wanamjia Musa kulalamika: mabinti hawa wakiolewa kabila lingine, ardhi itawafuata. Na Bwana anasema hao nao wamesema haki. Mabinti waolewe ndani ya kabila la baba yao. "Mnaona? Ardhi isitoke kwenye ukoo. Hawa wetu mmoja kaolewa Geita, mwingine yuko Mwanza, wa tatu haijulikani."

Kikao kikakaa kimya tena. Sura mbili za kitabu kimoja, kila upande una yake. Mtu asiyezoea vikao vya kanisa hudhani kazi yetu ni kufungua Biblia na jibu linadondoka. Mara nyingi kinachodondoka ni mistari miwili inayotazamana, na kila mmoja ameshika wake.

Mchungaji alisaidia kwa kusoma taratibu. Katika sura ya 36, akauliza, mabinti walinyang'anywa? Hapana. Hata wakuu walipolalamika, ardhi ilibaki mikononi mwa wanawake wale, kilichowekewa masharti ni ndoa. Hakuna mahali ambapo kaka wa Selofehadi anachukua kibanja. Kisha akatupeleka Luka 12, ambapo mtu mmoja katika mkutano anamwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi. Tungetegemea Yesu agawe, nani anajua haki kumliko? Anajibu, "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" Halafu anawageukia watu wote: jilindeni na choyo.

Jibu hilo zamani lilinikera. Nililiona kama la afisa anayekurudisha ofisi nyingine. Sasa naona alikataa kuwa mhuri wa mtu. Aliacha ardhi, akagusa moyo wa aliyeuliza na moyo wa aliyeulizwa, na swali likawa si nani ana mstari, ila choyo kimekaa upande gani.

Mchungaji huyo alitueleza pia habari ambayo wazee wengi hawakuijua, ingawa inatuhusu. Wamisionari wa Betheli walioanza kazi ya Kilutheri Bukoba mwaka 1910 walitoka Ujerumani. Miaka ishirini na kitu baadaye, kanisa la kwao lilipasuka. Wakristo wengi walisema kupanda kwa Hitler ni sauti ya Mungu katika historia ya taifa, na kanisa lipokee. Mei 1934, mjini Barmen, wajumbe wa makanisa ya Kilutheri, ya Reformed na ya muungano walikutana wakatoa tamko, lililoandikwa kwa sehemu kubwa na mwanateolojia Karl Barth. Kifungu cha kwanza kinasema Yesu Kristo, kama anavyoshuhudiwa katika Maandiko, ndiye Neno moja la Mungu la kusikilizwa na kutiiwa, na kinakataa kwamba matukio, nguvu, watu mashuhuri au kweli nyingine zihesabiwe kuwa ufunuo pembeni yake. Mzee mmoja akacheka: "Kwa hiyo na wazungu walikuwa wanaonyeshwaga?" Tukacheka wote, hata baba mkubwa. Lakini aliyeuliza alikuwa ameelewa barabara. Mila yetu inaweza kuvaa joho la ufunuo, na siasa yao ikavaa lile lile.

Sisemi kwamba kanisa lenyewe limekuwa likisoma vizuri siku zote. Mfano mchungu ni wa wake wengi. Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Anglikana mwaka 1888 uliamua mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka aachane na hali hiyo. Likachukuliwa kuwa jibu la Maandiko, limekwisha. Huku kwetu Afrika lilimaanisha wanawake na watoto kurudishwa barabarani ili baba apate ubatizo safi. Mwaka 1988, miaka 100 baadaye, Lambeth ikaamua mtu kama huyo anaweza kupokelewa pamoja na wake na watoto wake, aahidi kutooa mwingine maadamu yeyote kati ya wake zake yu hai, na asilazimishwe kuwaacha, kwa sababu ya hali wanayobaki nayo wakiachwa. Biblia haikubadilika katika miaka ile. Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni kwamba hatimaye kuna waliomtazama yule mke wa tatu akifunga mzigo wake. Maaskofu wa 1888 hawakuwa watu wabaya. Mwanamke yule hakuwepo tu chumbani walipoamua.

Mjane wetu naye hakuwepo. Ndilo nililolisema zamu yangu ilipofika, na sikusema zaidi: tunapanga kwenda kumshauri mtu ambaye hatujamsikia. Tukaahirisha.

Kikao kilichofuata alikuja, amefunga kitenge cha msiba, akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeitwa kujibu kosa. Wa pili kati ya mabinti alikuwa naye, yule anayeuza dagaa Mwanza, mwaloni Kirumba, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga. Mama alisema kwa kifupi sana. Hadai mali ya ukoo wa watu. Anaomba asitenganishwe na kaburi la mumewe, na watoto wake wasije wakapiga hodi nyumbani kwa baba yao. Binti ndiye aliyeuma.

"Shikamoo baba mkubwa. Nina swali moja. Wewe na mama mnasali kikundi kimoja cha Jumatano. Mungu alipokuonyesha wewe, kwa mama alikosa nini?"

Mzee alijibu marahaba, na zaidi ya hapo hakujibu. Nilimwonea huruma. Naamini hakudanganya. Naamini alipiga magoti kweli, akasikia kweli, na alichosikia ni sauti ya baba yake na babu yake, ambayo kwa mtu wa umri wetu inafanana sana na sauti ya Mungu.

Baraza liliamua halitatuma mtu kumshawishi mjane atie sahihi. Tuliandika pia kwamba neno lililoletwa halikupatana na Maandiko na halikupimwa na ndugu, kwa hiyo halimfungi mtu yeyote dhamiri. Sentensi hiyo tuliibishania kuliko zote. Wawili hawakuunga mkono, na mmoja wao alitaka iandikwe kwamba hakuunga mkono. Nikamwandika.

Kuna aliyeniambia baadaye tulijichosha bure, kwa sababu sheria ya nchi ilikwisha kulimaliza. Ni kweli kwa sehemu, na kesi yenyewe ni ya Wahaya. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza, mpwa wake Bernardo Ephrahim akataka mauzo yafutwe kwa kuwa mila hairuhusu mwanamke kuuza. Jaji akasema mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini mahakama haikuombwa kwenda kumwambia mjane kwamba anampinga Roho Mtakatifu. Sisi tuliombwa. Hilo hakuna jaji wa kutujibia.

Mirathi ilifunguliwa, binti wa Mwanza akateuliwa msimamizi. Baba mkubwa alihama kikundi cha Jumatano, usharika hakuuhama. Ningependa kuishia hapa, maana tunaonekana vizuri.

Baada ya muda akajitokeza mama mmoja kutoka mwaloni, ziwani, na mtoto wa kiume wa shule ya msingi. Ni wa marehemu. Sura yake tu ilitosha, na mashahidi walikuwepo wa kutosha pia. Ukoo, mnajua tena ukoo, ulichangamka: musika kapatikana! Na mabinti, wale wale tuliowasomea Hesabu 27, wakafunga mlango. Binti mkubwa alikuja nyumbani kwangu na Biblia ikiwa na alama ya karatasi kwenye Mwanzo 21, Sara anapomwambia Abrahamu amfukuze mjakazi na mwanawe, asirithi pamoja na Isaka.

"Na usiniambie ni Sara tu, Mwalimu," akasema. "Mstari wa 12 Mungu mwenyewe anasema amsikilize."

Anasoma vizuri, nilimfundisha mimi. Nilimwambia asiishie wa 12. Tukasoma pamoja, sufuria ya ndizi ikiwa jikoni. Abrahamu anamtoa Hajiri na mkate na kiriba cha maji, mtu mwenye makundi yale yote ya mifugo. Maji yanaisha. Na katika mstari wa 17 Mungu anaisikia sauti ya yule kijana pale alipo, na kinachofuata ni kisima. Nikamuuliza, kati ya watu wa sura hii, wewe leo umesimama wapi, na yule mtoto wa mwaloni amesimama wapi? Hakunijibu mara moja. Akaniuliza kama Luka 12 inawahusu na wao. Nikamwambia iliwahusu tangu mwanzo, ila wakati ule ilikuwa inamsoma baba yao mkubwa.

Wamekubali apewe sehemu, upande wa barabara ya juu, wenye mibuni. Hawakukubali kwa furaha, na mjane hakusema neno siku hiyo. Sasa linalotugombanisha ni nani atamshikia mpaka atimize miaka 18. Mama yake anataka ashike yeye, mabinti wanasema atauza kahawa ikiwa mtini, na baba mkubwa amejitolea kushika yeye, safari hii bila kusema ameonyeshwa na nani. Kikao kimepangwa baada ya mavuno ya kahawa, na wote wameitwa.